Nyumba Namba Tisa, Mtaa wa Chestnut

Wizi wa nyumba si jambo la kila siku. Watu huibiwa kuku, huibiwa gari, wengine huibiwa hata mume na wakashukuru. Lakini nyumba nzima, pamoja na paa lake, bomba lake la moshi na pazia la dirishani, kubebwa mchana kweupe mbele ya watu kumi na mmoja, hilo Sajini Teresa Sabol wa polisi wa kaunti alikuwa hajalisikia tangu aanze kuvaa beji. Wenzake kituoni walicheka mpaka kahawa ikawapalia.

“Chukua pingu ndogo, Tess,” mmoja alimwambia. “Na mwizi akitorokea mji wa pili, wewe ruka tu mlima umkamate.”

Nyumba yenyewe ilikuwa na ukubwa wa kiberiti cha jikoni.

Basi Jumamosi hiyo ya Novemba, saa nane na nusu, mvua ikinyunya kama inayosinzia, Tess alisukuma mlango wa ghala la zamani la mizigo kando ya mto, akaingia ndani ya mji aliozaliwa.

Usidhani natia chumvi. Harrow Gap yote ilikuwa pale, imelazwa juu ya mbao toka ukuta huu hadi ule, kimo cha kiuno. Kinu cha chuma, kilichobomolewa kabla Tess hajazaliwa, kilikuwa kinafuka moshi wa pamba. Kanisa la Mtakatifu Cyril lilikuwa na kuba zake zote mbili. Mto ulikuwa wa gundi iliyokauka, lakini ukiukazia macho uliona kama unataka kwenda. Treni za urefu wa mkono zilipita zikinong'ona, zikaingia mlimani, zikatokea upande wa pili zikiwa zimenyamaza. Na watu wa ukubwa wa punje ya mchele walisimama mitaani, kila mmoja na shughuli yake isiyokwisha, maana katika mji ule daima ni tarehe kumi na nne Oktoba, mwaka 1952. Siku hiyo hakufa mtu, hakugoma mtu, halikuungua hata jiko. Ndiyo maana walioutengeneza mfano huo waliichagua.

“Usiegemee,” sauti ilisema. “Hapo umeegemea kaunti ya jirani.”

Alikuwa Daktari Harlan Boyce, mwenyekiti wa jumba hilo la makumbusho, mng'oa meno mstaafu, mrefu na mwembamba kama mlingoti wa bendera. Alivaa kizibao cha mifuko minane, na kila mfuko ulichungulia kitu chenye ncha. Alizoea kuchimba meno ya watu, sasa alichimba milango ya nyumba za plastiki, na wenzake walisema hii ya pili haina makelele mengi.

“Sajini, kesi imeshakwisha,” alisema, akimkabidhi karatasi nne zilizochapwa. “Tunahitaji tu mtu wa serikali aitikie amina.”

“Nieleze kwa mdomo, Daktari. Mimi msomaji wa polepole.”

Akaeleza. Wajitoleaji wa pale, wastaafu watupu, huendesha treni Jumanne na Jumamosi, kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi na moja. Saa ya ukutani pale si saa ya watu. Inakwenda mara sita: dakika kumi za duniani ni saa nzima ya reli, hivi kwamba kati ya chakula cha mchana na chai siku nzima ya mwaka 1952 huanza na kwisha. Usiku wa reli ukifika, taa za ghala hupunguzwa zikawa za buluu, na vinyumba vyote huwaka. Jumanne iliyopita, saa tatu usiku ya reli, taa ya nyumba namba tisa Mtaa wa Chestnut ilizimika. Kulipokucha, kiwanja kilikuwa kitupu, waya mbili zimesimama kama panzi aliyevunjika.

“Saa tatu usiku ya reli ni saa ngapi kwetu sisi wenye kulipa kodi?”

“Saa tisa na nusu alasiri. Na sasa tazama hapa.” Daktari aligonga ukurasa wa tatu. “Mtaa wa Chestnut uko katikati ya mji. Mita mbili kila upande, mkono haufiki. Njia ni moja: unatambaa chini ya meza, unafungua kifuniko katikati ya bustani ya mji, unatokeza kichwa. Tunaita Shimo la Panya. Lina kufuli. Ufunguo unaning'inia ukutani, na anayeuchukua anaandika kitabuni. Jumanne, Gus Petrik aliuchukua. Saa ngapi? Saa tisa na nusu.”

“Na kwa nini aibe? Pembeni hapa naona injini za shaba ambazo mtu angeuza akanunua mashua.”

Daktari alivuta pumzi kama mtu aliyeulizwa kuhusu ugonjwa wake. “Mwezi jana ilipatikana picha. Picha halisi, ya mwaka ule. Nyumba namba tisa ukumbi wake wa mbele, ile baraza ya mlangoni, ulikuwa upande wa magharibi. Emmett Voss, aliyeanzisha haya yote, Mungu amrehemu, aliuweka mashariki. Nilipendekeza turekebishe. Petrik akasimama hapo ulipo, akasema atakayegusa nyumba ya Emmett atamla nyama. Basi kaiiba ili isirekebishwe. Saa kumi kamili tunapiga kura, tunamnyang'anya ufunguo.”

“Wa Shimo?”

“Wa mlango wa mbele. Kila mmoja wetu anao wake. Asiye nao si mwenzetu.”

Tess alitazama saa ya mkononi. Kura ilikuwa bado saa moja na dakika ishirini.

*

Gus Petrik alikuwa kwenye benchi la nje, chini ya ukingo wa paa, mfuko wa chakula mapajani. Mwenyekiti alikuwa amemzuia kuingia mpaka saa ya kura. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minane. Arobaini kati ya hiyo aliitumia kufunga breki za treni za kweli, na thelathini na moja, Jumanne na Jumamosi, aliitumia humu ndani. Alikuwa amenyoa, amechana nywele kwa maji, kama anayekwenda kanisani au kunyongwa.

“Wewe ni wa Sabol,” alisema kabla hajaulizwa. “Babu yako alikuwa na masikio hayohayo. Karibu pierogi. Za kanisani, kama sambusa za kuchemsha, ndani viazi.”

“Baadaye, mzee. Uliichukua nyumba?”

“Sikuichukua.”

“Ufunguo wa Shimo je?”

“Huo niliuchukua. Kuna behewa la makaa liliacha njia nyuma ya bustani. Nikaingia, nikaliinua, nikatoka, nikaandika. Mimi huandika kila kitu, Sajini. Reli ilinifundisha: usipoandika, umekufa wewe na dereva.”

“Saa ngapi?”

“Nilivyoandika ndivyo.”

“Nyumba ilikuwepo?”

“Ilikuwepo. Niliipungia mkono.” Aliona aibu kidogo. “Huwa naipungia. Emmett aliitengeneza akiwa hospitali, ya mwisho ile. Akaja nayo kwenye kiti cha magurudumu, tukamwingiza chini kwa mkokoteni wa fundi, kile kibao cha kulalia chini ya gari, akaibandika mwenyewe. Wiki iliyofuata tukamzika. Mwanadamu anayekufa akiamua ukumbi uwe mashariki, wewe wa kuishi unapeleka wapi kiherehere?”

“Kwa hiyo uliapa kumla nyama Daktari.”

“Yule? Nyama iko wapi?”

Tess alijizuia asicheke, maana kazi ni kazi. Aliangalia mikono ya mzee. Ilikuwa safi, mikubwa, na kwenye kifundo cha kushoto hapakuwa na saa wala alama ya saa.

“Mzee Gus, sasa hivi ni saa ngapi?”

Gus aligeuka, akachungulia dirishani ndani ya ghala kama mtu anayetazama mbinguni kujua mvua. “Saa kumi na nusu,” alisema bila wasiwasi.

Saa ya Tess ilisema saa tisa kasoro robo.

Tess alisimama, akavuta mlango, na nyuma yake akasikia mzee akiuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana anauliza: “Wanapiga kura kwa kunyoosha mkono, au ya siri?”

“Sijui, mzee.”

“Ya siri afadhali. Sitaki kujua nani.”

*

“Nataka kitabu chenyewe,” Tess alimwambia mwenyekiti.

“Nimenakili mstari unaohusika, ukurasa wa tatu, kwa uaminifu—”

“Daktari, ukija kung'oa jino langu utakubali nikuletee picha nimechora mwenyewe?”

Kitabu kililetwa. Kilikuwa daftari la jalada la kijani, limefungwa kwa kamba, na kalamu yake imefungwa pia, maana wastaafu huiba kalamu kuliko kitu kingine chochote duniani. Kilikaa chini ya ndoano ya ufunguo, na juu ya ndoano ilining'inia ile saa kubwa ya reli, mkono wake mrefu ukizunguka kwa pupa kama inzi mezani.

Jumanne ilikuwa na mistari mitatu tu. Wa kwanza: Dale Rusnak, kutoa saa nane na dakika kumi, kurudisha nane na ishirini. Wa pili: Gus Petrik, kutoa saa tisa na nusu, kurudisha kumi na nusu. Wa tatu: Dale Rusnak tena, kutoa saa tisa kasoro kumi, kurudisha saa tisa na dakika tano.

Tess aliusoma mara mbili, kidole kikishuka.

“Rusnak ni nani?”

“Mimi, dada.” Mtu mnene mwenye ndevu za unga wa mbao aliinua mkono kutoka kando ya kinu cha chuma. “Mimi napanda miti. Leo misonobari. Nimekosa nini?”

“Jumanne uliandika mstari wako wa pili baada ya Gus kuandika wake?”

“Ndiyo. Wake ulikuwa tayari hapo, wino bado unang'aa. Nikauchafua kwa kiganja, ona.”

“Na saa yako ni ipi?”

Dale alionyesha saa ya mkononi, mkanda umejaa gundi. “Hii. Ya ukutani ile ni ya treni, mimi mtu wa miti.”

“Basi nieleze, bwana Rusnak, umewezaje kuandika saa tisa kasoro kumi chini ya mstari ulioandikwa saa tisa na nusu?”

Dale alitazama saa yake, akatazama ya ukutani, akahesabu kwa vidole vya unga. Ghalani treni mbili zilipishana kimyakimya juu ya daraja.

“Gus hana saa,” alisema taratibu. “Gus akiingia humu anaishi kwa ile. Jamani! Saa tisa na nusu ya reli!”

“Ambayo kwetu ni?”

“Saa nane na dakika thelathini na tano.” Dale alikaa juu ya ndoo. “Karibu saa nzima kabla taa haijazima. Na mimi nimeingia baada yake! Nilipopanda miti ya bustani nyumba ilikuwepo, pazia lake la bluu, niliiona kwa macho haya. Harlan, mbona hukuniuliza?”

“Sikuona haja,” alisema Daktari. Alikuwa amechomoa kitu kidogo chenye ncha mfukoni, anakizungusha. “Na hata hivyo Petrik angeweza kurudi bila kuandika.”

“Yeye au yeyote,” alisema Tess. “Nipe huo ufunguo. Na mkokoteni wa fundi.”

*

Chini ya meza kulikuwa na dunia ya pili, ambayo wageni hawaijui: msitu wa miguu ya mbao, waya zilizosukwa kama nywele, na juu, kichwani, ngurumo ya treni, ndogo, ya mbali, kama ya utotoni mtu akiwa amelala. Tess alijisukuma kwa visigino. Kati ya miguu ya meza aliuona mlango wa karakana, na juu yake bango la mkono: ASETONI MARUFUKU HUMU. NYUMBA ZA EMMETT HUYEYUKA. Chini yake sahihi: H. Boyce. Akafika kwenye kifuniko, akafungua kufuli, akainuka polepole.

Kichwa chake kilitokea bustanini, kati ya banda la muziki na bwawa la bata.

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Dakika hiyohiyo mtu alipunguza taa, na usiku ukashuka juu ya Harrow Gap. Haukuwa usiku wa kweli, nje mvua ilikuwa bado nyeupe madirishani, lakini hapa buluu ilimiminika toka milimani mpaka mtoni, na nyumba zikaanza kuwaka moja moja, kama watu wanaorudi kazini. Macho ya Tess yalikuwa usawa wa mitaa. Aliona mwanamke anayeanua nguo. Aliona mbwa asiyefika kwenye mfupa. Treni ya abiria ilipita nyuma ya sikio lake, madirisha yake ya manjano yakamtembelea shavuni, na kwa muda kidogo sajini wa polisi hakukumbuka alikuja kufanya nini.

Kisha akaliona pengo. Kati ya namba saba na namba kumi na moja, giza, kama jino lililong'oka.

Aliwasha tochi. Kiwanja hakikukatwa kwa kisu. Plastiki ya chini ilikuwa imenyonyoka, ina nyuzi nyembamba kama jibini ya moto. Uzio wa namba kumi na moja, mweupe, wa vijiti, ulikuwa umejikunja mahali pamoja, ukubwa wa tone. Hapakuwa na masizi, kwa hiyo moto haukuhusika. Alinusa. Siku nne zilikuwa zimepita, harufu ilikuwa imekwenda zake. Lakini kwenye tone hilo lililokauka palikuwa na alama ya ncha iliyoingia laini, ikachomolewa, ikaacha kitundu cha duara. Ncha ndogo, iliyopinda.

Mwizi hakuja kuiba. Mwizi alikuja kufanya kazi.

*

Lorraine Tutko aliishi, kwa siku za treni, kwenye kibanda cha vioo juu ya ngazi, akiwa na redio, karatasi ndefu na sanduku la donati. Miaka thelathini aliendesha basi la shule, na sauti yake ilikuwa bado na mkanda wa kiti.

“Kaa, mwanangu. Usiguse swichi nyekundu. Chukua ya mdalasini.”

“Mama Tutko, Jumanne, taa ilipozimika, kila dereva alikuwa wapi?”

“Ninayo yote.” Alifungua karatasi. Kila treni, kila kituo, kila dakika ya reli, kwa mwandiko wa shule ya msingi. “Saa tatu usiku, Gus yuko uwanja wa juu anapanga mabehewa. Ananiomba njia mara saba. Lakini Harlan alisema redio inabebwa, anaweza kuniomba akiwa chini ya mlima.”

“Anaweza. Na huyu, treni namba kumi na mbili? Imesimama saa mbili usiku, ikaondoka saa sita.”

“Hiyo.” Lorraine aliguna. “Saa nne za reli, abiria wangu wanasota Kituo cha Chini. Dakika arobaini za kwetu. Niliita, niliita. Nikaandika pembeni, soma.”

Pembeni palikuwa pameandikwa: *Dereva anakula donati.*

“Aliniambia alikuwa jikoni. Nikamwamini, maana donati zilipungua.”

“Dereva nani?”

Lorraine aliweka kidole juu ya jina la dereva. Chini yao mji ulikuwa unawaka kimya, na treni moja ilizunguka kanisa kana kwamba inatafuta mlango.

“Harlan hali sukari,” alisema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo basi halikuwahi kuisikia. “Daktari wa meno. Hali sukari kabisa. Nimekaa na hiyo siku nne kichwani nikaipita kama kituo kisicho na abiria.”

“Sina ushahidi bado. Ana redio, ana miguu, ana kiherehere. Hayo hata padri wenu anayo. Niambie kitu kimoja. Nyumba ile, chini yake ilikuwaje? Nani aliwahi kuiona?”

“Hakuna. Emmett aliileta ndani ya sanduku la viatu na akaibandika mwenyewe gizani. Tulikuwa tunalia, nani angetazama chini ya nyumba?”

Tess alichukua donati ya mdalasini. “Siku za mwizi ni arobaini, mama. Lakini kwa saa yenu hiyo, arobaini huisha ndani ya wiki.”

*

Saa kumi kamili ya duniani ilikuwa saa sita usiku ya reli. Walikusanyika wote kwenye meza ya kahawa, wazee kumi na mmoja katika mwanga wa buluu, uso wa kila mmoja kama uliochorwa na mtu aliyeishiwa rangi. Gus aliruhusiwa kuingia. Alisimama karibu na mlango, ufunguo wake tayari mkononi, kama abiria aliyeshika tiketi ya kushukia.

Daktari Boyce alisoma hoja. Aliisoma vizuri, aliitunga mwenyewe. “Kwamba aliyeiondoa nyumba namba tisa bila kibali, na akakaa kimya wenzake wakihangaika, asiwe mwenzetu tena, na arudishe ufunguo.”

“Kabla ya mikono,” alisema Tess, “nisikilizeni maelezo yangu, nisije nikakosea mahakamani. Nyie ndio mabingwa.” Alifungua daftari. “Mshukiwa aliingia Shimoni akiwa na nia ya kuhamisha ukumbi wa mbele toka magharibi kwenda mashariki—”

“Toka *mashariki* kwenda *magharibi*,” alisema Daktari.

“Asante. Toka mashariki kwenda magharibi. Ukumbi huo ulikuwa wa karatasi—”

“Wa plastiki, Sajini. Plastiki laini ya zamani.”

“Wa plastiki. Na kwa kuwa ulikuwa umebandikwa ukutani kwa gundi tu, aliubandua kwa—”

“Gundi tu? Nani kakwambia gundi tu?” Mwenyekiti aliweka chini miwani. Alikuwa mtu mbaya kwa mambo mengi lakini hakuweza, kwa uhai wake, kuliacha kosa lipite barabarani bila kulisimamisha. “Ukumbi ule umekaa juu ya pini mbili za shaba, zinapita chini ya sakafu na zimekunjwa kwa ndani. Ndiyo maana haubanduki! Mtu anaweza kuuvuta siku nzima, ukafikiri ni gundi, ukatia tone la—”

Akavaa tena miwani.

Treni namba kumi na mbili, ya saa sita usiku, iliyoachwa ikijizungukia bila dereva, iliingia Kituo cha Chini kwa wakati, taa ya kituo ikaimulika.

“Harlan,” alisema Lorraine. “Chini ya sakafu umepaonaje?”

Daktari alijipapasa mifuko minane, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyesahau mahali alipoweka jibu. Kutoka mfuko wa ndani alitoa kopo la peremende zisizo na sukari. Ndani, juu ya pamba, kulikuwa na kitu chenye paa. Kuta zake zilikuwa zimelegea zikaegemeana, madirisha yameteleza, pazia la bluu limeganda katikati ya kuanguka, kama siagi iliyosahauliwa karibu na jiko.

“Tone moja,” alisema. “Nina kichupa cha asetoni nyumbani, cha kusafishia vyombo vya meno. Tone moja tu, ulegee. Nilijua huyeyuka haraka, bango niliandika mimi. Nilijua. Nikaona ukuta wa Emmett unapiga magoti mbele yangu. Nikavuta ili nikaurekebishe nyumbani, nikatia lingine... Nimejaribu kila usiku. Kila ninaposhika panazidi.”

“Na mimi?” aliuliza Gus toka mlangoni.

“Ulikuwa umeandika saa tisa na nusu. Sikukuandikia mimi. Niliukuta tu mstari kitabuni, nikasema, labda... nikasema Mungu kaniletea.”

“Mungu hana kalamu ya kamba,” alisema Dale Rusnak, na hakucheka.

Hoja ilikuwa bado mezani, nayo haikutaja jina la mtu. Hilo waliliona wote kwa pamoja. Lorraine alinyoosha mkono wa kwanza. Dale wa pili. Mmoja mmoja ikapanda, mitano, sita, saba, vivuli vyake vikalala juu ya mji kama mawingu. Daktari Boyce hakujitetea. Alichomoa mkufu wa funguo mfukoni, akaanza kuuhangaikia ufunguo mmoja utoke kwenye pete, na vidole vilivyofanya kazi ndani ya vinywa vya mji mzima kwa miaka arobaini vikashindwa na pete.

Mkono wa tisa ulipopanda, wakamgeukia Gus.

“Gus,” alisema Lorraine. “Nyoosha tumalize.”

“Naweza kusema kwanza?”

“Wewe una haki ya kusema mpaka kesho.”

Gus alikohoa. Hakuwa mtu wa hotuba. Alitazama viatu vyake.

“Jumatano mwenyekiti alinipigia simu, akaniambia nisije mpaka leo. Basi nikakaa jikoni. Nyie mnajua nina friji. Friji yangu inasema *mmm*. Halafu inanyamaza. Unangoja. Halafu inasema *mmm*. Nikajaribu kuijibu, Alhamisi, mchana. Ijumaa nikajikuta naisubiri inyamaze ili na mimi nipate nafasi.” Aliinua kichwa. “Harlan, wewe huna mke tena, mimi sina. Kwako kuna friji. Tena yako mpya, haisemi hata *mmm*.”

Mtu mmoja alivuta kamasi gizani.

“Sijakusamehe,” Gus aliendelea. “Usije ukafikiri nimekusamehe. Ulinitazama usoni ukaniita mwizi, na wewe ukiwa na nyumba ya watu ndani ya kopo. Nitakununia mpaka mmoja wetu afe, na nitakununia hapahapa, Jumanne na Jumamosi, karibu yako, ili uone. Lakini mkono wangu siunyooshi. Jikoni kule simpeleki mtu.”

Mkono wa Dale ulikuwa wa kwanza kushuka. Ulishuka kama unaokuna ndevu. Mwingine ukafuata, mwingine, mpaka ukabaki wa Lorraine peke yake, umesimama wima katika buluu; naye akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine, akauteremsha, akatumia kujifutia jicho.

“Sajini,” alisema Dale, “kuna kesi hapa?”

Tess alitazama ukurasa wake, mistari na saa na vishale. “Mlalamikaji ni nani?”

Wazee walitazamana. Hakuna aliyekuwa mlalamikaji.

“Basi nimekuja kula donati,” alisema, akafunga daftari.

Daktari Boyce alikuwa bado ameshika mkufu wa funguo, hajui arudishe mfukoni au aangushe. Gus alimpita bila kumwangalia, akiwa tayari amenuna kama alivyoahidi, akaweka mfuko wake wa pierogi mezani, akaketi kwenye stuli ya uwanja wa juu, magoti yakilia. Huko juu kibandani ngazi zililalamika, kiti kikalalamika, kisha redio ikakwaruza kwenye kila kona ya ghala.

“Treni namba saba, mizigo, inasubiri toka Jumanne,” ilisema sauti ya Lorraine, imeshavaa mkanda wake. “Ina dereva, au nimtafute mwingine?”

Gus alibonyeza kitufe.

“Inaye,” alisema.